Kosa la kuua lisilo na kifungu: jinsi ya kuisoma sheria ya Uingereza

Ukitaka kujua sheria ya Uingereza inaelezaje kosa la kuua kwa kukusudia, usijisumbue kutafuta kifungu. Hakipo. Ipo sheria ya mwaka 1957 iliyogusa utetezi wa kosa hilo, na ipo ya mwaka 1965 iliyoondoa kitanzi na kuweka kifungo cha maisha. Lakini sheria inayosema "kuua ni hivi na hivi" Bunge la London halijawahi kuitunga. Mawakili wa huko mpaka leo huanzia kwenye maneno ya Sir Edward Coke, jaji aliyefariki mwaka 1634, kisha huongezea yale ambayo mahakama zimekuwa zikisema tangu wakati wake. Coke aliandika kwamba aliyejeruhiwa lazima afe ndani ya mwaka mmoja na siku moja, la sivyo si kosa la kuua. Sharti hilo liliishi hadi 1996.

Kwa msomaji wa Bukavu au Bujumbura, aliyezoea mfumo wa Kibelgiji ambamo hoja huanza kwa kufungua kitabu cha sheria na kutaja ibara, jambo hili ni kama kichekesho. Kosa kubwa kuliko yote, halimo kitabuni? Halimo. Na ukishaelewa kwa nini halimo, sehemu kubwa ya sheria ya Uingereza inaanza kueleweka.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu mipaka. Ninaposema sheria ya Uingereza hapa, nina maana ya England pamoja na Wales. Uskoti ina mfumo wake, na Ireland ya Kaskazini ina wake. Hakuna kitu kinachoitwa sheria moja ya Ufalme wote, ingawa Bunge ni moja na mahakama ya juu kabisa, kwa mambo mengi, ni moja.

William wa Normandy alipoiteka nchi hiyo mwaka 1066, hakukuta sheria moja. Kila eneo lilikuwa na mila zake na mabaraza yake. Aliyebadilisha mambo hasa ni Henry II, aliyetawala kuanzia 1154 hadi 1189. Huyu alituma majaji wake wazunguke nchini, wasikilize mashauri kwa jina la mfalme, kisha warudi Westminster. Wakikutana huko walilinganisha: wewe ulikuta nini kule kaskazini, uliamuaje? Polepole mila iliyoonekana ya maana ikashikwa na wote na nyingine zikafa. Hiyo ndiyo ikaitwa sheria ya jumla, yaani iliyo ya nchi nzima badala ya kuwa ya kijiji au ya bwana fulani. Wanasheria wetu wengi hawajisumbui kutafsiri, husema tu komon loo.

Kuna jambo dogo linalonifurahisha katika habari hii. Mila ilihesabiwa kuwa ya tangu enzi ikiwa ilikuwapo kabla ya kumbukumbu ya binadamu. Sasa kumbukumbu hiyo inaanzia wapi? Waingereza waliipangia tarehe. Kwa sheria ya mwaka 1275, mpaka uliwekwa tarehe 3 Septemba 1189, siku Richard I alipotawazwa. Kabla ya hapo ni enzi na enzi.

Ila sheria hiyo ya majaji ilikuwa na mlango mwembamba. Huwezi kuingia mahakamani kwa kuwa umedhulumiwa tu. Ulihitaji kununua hati kutoka ofisi ya mfalme, na kila hati ilikuwa ya aina moja ya lalamiko: hii ya kunyang'anywa shamba, hii ya deni, hii ya kuvamiwa. Kama shida yako haikuingia kwenye hati yoyote, pole. Mwaka 1258 mabwana wakubwa walimbana mfalme ili ofisi yake isibuni hati mpya ovyo, na mlango ukazidi kuwa mwembamba. Ndiyo maana mwanasheria wa Kiingereza, hata leo, huwa hakuulizi kwanza "una haki gani?" Hukuuliza "unadai nini, na kwa njia ipi?"

Mwenye shida isiyo na hati alibaki na kimbilio moja, kumwangukia mfalme mwenyewe. Mfalme akachoka na kumsukumia Chansela, afisa wake mkuu, ambaye zama hizo mara nyingi alikuwa kasisi mkubwa, mtu aliyezoea kuuliza habari za dhamiri kuliko habari za hati.

Chukua mfano ambao walimu wa sheria hawachoki kuutumia. Mtu anakwenda vitani Palestina. Anaogopa hatarudi, na mtoto wake bado mdogo. Anamwandikisha rafiki yake shamba: lishike, mazao yawe ya mke wangu na watoto mpaka nirudi. Rafiki anakubali. Miaka inapita, jamaa anarudi, na rafiki anamwambia shamba ni langu, tazama jina. Majaji wa sheria ya jumla wanatazama jina na kusema kweli, ni lake. Jamaa anakwenda kwa Chansela. Chansela habishi kuhusu jina. Anamwambia yule rafiki: kwa sheria shamba ni lako, sikatai, lakini uliahidi, na dhamiri yako imefungwa. Litumie kwa faida ya waliokusudiwa, au utakwenda jela mpaka ukubali.

Hapo kilizaliwa kitu ambacho wataalamu wengi wanakihesabu kuwa ubunifu mkubwa kuliko yote wa sheria ya Kiingereza: mali moja kuwa na wenye mali wawili, mmoja mwenye jina na mwingine mwenye faida. Kila unapoona kibao cha bodi ya wadhamini ya kanisa, shule au chama cha hisani hapa kwetu, unamwona mjukuu wa yule rafiki wa shamba. Mtu wa Pwani atasema hiki si kigeni, sisi tuna wakfu, na kweli vinafanana kwa sura. Tofauti ni kwamba wakfu hutolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na hautarajiwi kurudi, ilhali udhamini wa Kiingereza unaweza kuwa wa shughuli yoyote halali, wa muda, hata wa kupunguza kodi. Tutaukuta wakfu tena mbele kidogo, mahali pachungu.

Mahakama ya Chansela ikakuza kanuni zake, zinazoitwa kanuni za usawa, au ekwiti. Nyingine ni kama methali: anayekuja kuomba usawa aje na mikono safi. Pia ilitoa nafuu ambazo sheria ya jumla haikuwa nazo. Ile ilijua kutoa fidia ya pesa, lakini Chansela aliweza kutoa zuio, yaani amri ya kumkataza mtu asibomoe nyumba kabla hajaibomoa, au kumlazimisha aliyeuza kiwanja akikabidhi badala ya kurudisha pesa. Wapo waliolalamika kwamba haki ya namna hiyo haina kipimo. John Selden, mwanasheria wa karne ya 17, alidhihaki akisema ni sawa na kupima urefu kwa mguu wa Chansela: mmoja ana mguu mrefu, mwingine mfupi.

Mahakama hizo mbili zikagombana hadi mwaka 1616, mfalme James I alipoamua kwamba zikipingana, ekwiti ndiyo ishinde. Lakini ziliendelea kukaa majengo tofauti kwa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini, na maskini wa watu wakawa wanatumwa toka mlango huu hadi ule, mpaka sheria za 1873 na 1875 zilipoziunganisha. Leo jaji mmoja hutumia zote mbili, na unapoomba zuio na fidia kwenye hati moja ya madai, unanufaika na suluhu hiyo bila kujua.

Sasa tuje kwenye injini yenyewe. Kama sheria imo ndani ya hukumu, basi hukumu ya jana lazima iwe na nguvu leo, la sivyo kila jaji angeanza upya. Kanuni ni kwamba uamuzi wa mahakama ya juu unaifunga ya chini. Watu wengi wanaelewa hilo, wasichoelewa ni kwamba si kila neno la hukumu linafunga. Kinachofunga ni kiini, yaani ile sababu ya kisheria ambayo bila hiyo uamuzi usingesimama. Mengine ni maneno ya kando. Yanaweza kushawishi, lakini hayamlazimishi mtu. Na hukumu haina alama inayoonyesha kiini kiko aya gani. Kukitafuta ndiyo kazi ya wakili. Ukikutana na kesi inayokuumiza, huwezi kumwambia jaji aipuuze. Unamwonyesha kwamba mazingira ya kesi ile si haya. Nusu ya ubishi wa mahakama za Kiingereza ni huo: hii inafanana na ile, hapana haifanani.

Nguvu hiyo imefika mbali kuliko ufukwe wa Dover. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, liliamua rufaa kutoka Bengal kwamba wakfu unaonufaisha ukoo wa mtoaji kizazi hadi kizazi, na maskini kupata tu ukoo ukikatika, si sadaka ya kweli na ni batili. Wanazuoni wa Kiislamu waliona hukumu hiyo ni ya watu wasiojua wanachokizungumzia, na India ikatunga sheria ya kuurudisha wakfu huo mwaka 1913. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilipofika London kesi ya wakfu wa ukoo kutoka Kenya, Baraza lilifuata uamuzi wake wa 1894. Swali la fiqhi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki likajibiwa kwa hukumu ya kesi ya Bengal, kwa kuwa ilitangulia.

Hasara ya mfumo huu ni kwamba kosa la zamani linaweza kuganda. Kwa karne mbili na nusu mahakama zilishikilia maneno ya jaji Matthew Hale, yaliyochapishwa mwaka 1736, kwamba mume hawezi kuhesabiwa amembaka mkewe. Mwaka 1991 majaji wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati ule, walisema si sheria tena. Si miaka mia iliyopita, ni juzi tu. Baraza hilo lilikuwa limejifunga kwa maamuzi yake lenyewe mpaka 1966, lilipotangaza kwamba linaweza kuyaacha panapostahili. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2009 kazi yake ilihamia Mahakama ya Juu yenye majaji 12.

Juu ya majaji wote liko Bunge. Mwaka 1610 Coke na wenzake walimwambia James I kwamba hawezi kuunda kosa jipya la jinai kwa tangazo lake tu, na sheria ya 1689 ikafunga mjadala. Bunge likitunga, kesi zote za kinyume zinakufa siku hiyo hiyo. Mfalme hutia idhini, na mara ya mwisho idhini kunyimwa ilikuwa 1708.

Hapa ndipo Mkenya hushangaa. Yeye amezoea Mahakama Kuu kuifuta sheria ya Bunge kwa kuwa inavunja Katiba ya 2010. Jaji wa London hana uwezo huo. Chini ya sheria ya haki za binadamu ya 1998 anaweza kutamka kwamba kifungu fulani hakipatani na haki hizo, na baada ya kutamka kifungu kinabaki kilivyo mpaka Bunge lenyewe liguse. Katiba ya kuandikwa mahali pamoja haipo. Lakini usidhani serikali iko huru kufanya itakalo: mwaka 2019 Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, aliposimamisha Bunge kwa wiki tano, majaji 11 kwa kauli moja walisema kusimamishwa huko ni batili, na tarehe 24 Septemba ikawa kama vile hakukuwahi kutokea. Walitumia kanuni walizozitoa kwenye kesi za zamani, ikiwemo ile ya 1610.

Baada ya misingi, matawi. Panga kubwa linalogawa ni kati ya jinai na madai. Dereva mlevi akimgonga mwendesha baiskeli mjini Birmingham, tendo moja linazaa kesi mbili. Katika ya jinai anayeshtaki ni Mfalme, lengo ni adhabu, na hatia lazima ithibitishwe pasipo kuacha shaka yoyote ya maana. Katika ya madai aliyegongwa ndiye mdai, anataka fidia, na inatosha kuonyesha kwamba yaelekea maneno yake ni kweli kuliko si kweli. Ndiyo maana mtu anaweza kuachiwa huru huku na kulipishwa kule. Na tofauti na sinema, kesi za jinai zaidi ya asilimia 90 zinaanzia na kuishia kwa mahakimu wa chini, ambao wengi ni raia wa kawaida wasio na shahada ya sheria wala mshahara. Baraza la raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia hukutana na makosa mazito tu.

Upande wa madai ndio mpana. Mkataba, kwa Mwingereza, kwa kawaida hauhitaji karatasi. Unahitaji pendekezo, kukubali, na kila upande kutoa kitu. Kesi inayofundishwa siku ya kwanza ni ya Louisa Carlill. Kampuni moja ya London ilitangaza magazetini kwamba atakayetumia mpira wake wa moshi, yaani kifaa cha kuvuta dawa puani, mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kisha akaugua mafua, atalipwa pauni 100, na kwamba pauni 1,000 zimewekwa benki kuthibitisha hawatanii. Bi Carlill alitumia, akaugua, akadai. Kampuni ikasema lilikuwa tangazo tu, na wala hakutujulisha kwamba amekubali. Mwezi Desemba 1892 Mahakama ya Rufaa ilijibu: mmeweka pesa benki, halafu mnasema mlikuwa mnatania? Kutimiza masharti ndiko kukubali.

Tawi la madhara linahusu watu ambao hawana mkataba. Jioni ya tarehe 26 Agosti 1928, May Donoghue wa Glasgow aliingia na rafiki yake kwenye mkahawa mmoja wa Paisley, Uskoti. Rafiki ndiye aliyeagiza na kulipa. Mwenye mkahawa alimimina soda ya tangawizi juu ya aiskrimu, kutoka chupa ya rangi nzito usiyoweza kuona ndani. Bi Donoghue akanywa. Rafiki alipommiminia iliyobaki, kwa madai yake, likatoka kitu kilichooza ambacho kilikuwa konokono. Aliugua tumbo.

Amshtaki nani? Mwenye mkahawa hakumuuzia yeye, alimuuzia rafiki. Mtengenezaji, David Stevenson, hakuwa na mkataba na yeyote kati yao. Kwa sheria ya wakati ule, aliyekunywa soda ya kununuliwa alikuwa hewani. Kesi ilipanda hadi Baraza la Malodi, mdai akiwa ameruhusiwa kuendesha shauri kama fukara. Mwaka 1932, majaji watatu dhidi ya wawili, alishinda. Lord Atkin alichukua swali la mwanasheria katika Injili ya Luka, "jirani yangu ni nani?", akalijibu kisheria: ni yeyote ambaye tendo lako litamgusa kwa karibu kiasi kwamba ungepaswa kumfikiria unapolitenda. Uwajibikaji wa daktari kwa mgonjwa, fundi kwa mpita njia, kiwanda kwa mnywaji, umepanuka kutoka kwenye sentensi hiyo. Kilichoamuliwa, angalia, ni kwamba kama konokono alikuwemo, mtengenezaji anawajibika. Stevenson alifariki kabla ushahidi haujasikilizwa, na shauri likamalizwa nje kwa pauni 200. Hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kwamba kulikuwa na konokono.

Sheria ya makampuni niipite kwa neno moja: mwaka 1896, katika kesi ya mshona viatu Salomon, iliamuliwa kwamba kampuni ni mtu mbali na mwenye hisa, hata kama karibu zote ni zake. Ya ardhi ina mizizi ya 1066: kinadharia ardhi yote ni ya mfalme, na raia humiliki haki ya kuikalia tu. Soma sasa Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishikilia kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mfalme wa Normandy na yule rafiki wa shamba wamekaa sentensi moja.

Ilifikaje huku? Kwa tarehe. Sheria ya Kenya inazitambua mpaka leo sheria ya jumla, kanuni za usawa na sheria za Bunge la Uingereza za matumizi ya jumla zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897. Kwa Tanganyika tarehe ni 22 Julai 1920. Zote mbili zina kishikizo: kadiri hali ya nchi na ya wakazi wake inavyoruhusu. Katika miaka ya 1950 kesi kuhusu ushuru wa daraja la Nyali, Mombasa, ilifika Mahakama ya Rufaa ya London, na Lord Denning akasema huwezi kuuhamisha mwaloni wa Kiingereza hadi Afrika ukatarajia ubaki na ugumu wake wa kwao. Utastawi, ila unahitaji kutunzwa.

Na haukupandwa kwa njia moja. Sheria ya mikataba ya koloni ilikuja kwa jahazi la India, ile iliyotungwa huko 1872. Mwaka 1961 Kenya iliiacha na kurudi moja kwa moja kwenye kesi za Kiingereza. Tanganyika, mwaka huo huo, iliiandika upya kama sheria yake huku ikibakiza maneno karibu yote. Kwa hiyo mteja wa Mombasa akidai zawadi iliyotangazwa na duka, wakili wake anaweza kumsomea jaji habari za Bi Carlill na mpira wa moshi. Mwenzake wa Dar es Salaam, kwa dai lile lile, atafungua kifungu kisemacho kwamba kutekeleza masharti ya pendekezo ni kulikubali.